Harusi ya msimu wa baridi: namna ya kupanga rangi na kuwatunza wageni wasigande

Kama kwenu ni Njombe, Makete, Mafinga, Mbeya au hata Lushoto kule, unajua kabisa harusi nyingi za nyumbani zinaangukia mwezi wa 6 mpaka wa 8, na sababu inaeleweka, mahindi yameshavunwa, hela kidogo ipo, mvua hakuna, barabara za vijijini zinapitika, watoto wanafunga shule mwezi wa 6, afu kuna Sabasaba na Nanenane watu wanaunganisha na ruhusa za kazini. Shida ni moja tu, ndo msimu wa baridi yenyewe. Sio baridi ya kuvaa kijisweta cha kupigia picha, nazungumzia ile ukiongea moshi unatoka mdomoni, usiku inashuka chini ya nyuzi 10, na ukipanda Makete upande wa Kitulo asubuhi unakuta sakitu imelala juu ya majani kama mtu kamwaga chumvi.

Mwaka juzi nilisimamia mapambo kwenye harusi ya mdogo wangu, Njombe mjini, mwezi wa 7, wageni 200 na karibu nusu yao wanatoka Dar, Tanga na Moro. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimehudhuria harusi ya binamu yetu hapohapo mjini, ukumbi umependeza kweli, vitambaa vyeupe na silva kila kona, lakini kufika saa 3 usiku nusu ya viti viko wazi, wazee wameondoka keki haijakatwa, na mama mkubwa wangu nimemkuta kajifunika kitambaa cha meza mabegani. Kile kitambaa cha meza sikukisahau. Ya mdogo wangu nikaipangia upande mwingine kabisa, nikawaambia kamati kwamba hela ya rangi iende kwenye kitu kinachompa mgeni joto. Rangi na joto visiwe bajeti mbili, viwe kitu kimoja. Haya ninayoandika hapa yote yanatoka kwenye hilo.

Rangi, anza na mwanga wa pale

Wengi tunachagua rangi kwenye simu, tunaona picha ya harusi ya ufukweni Zanzibar, pichi na bluu ya maji, tunasema ndo hiyohiyo. Sasa hebu fikiria Njombe ya mwezi wa 7 inavyokuwa. Mji uko juu karibu mita 2,000, asubuhi ukungu umekaa mpaka saa 4 siku nyingine, mwanga ni wa kijivu, mchana ukungu ukiondoka anga linakuwa bluu kali sana, nyasi zimekauka zimekuwa rangi ya simba, misonobari imesimama kijani kile cha giza, mashamba ya chai bado yana kijani chake, na chini udongo mwekundu na vumbi lake. Hiyo ndo rangi uliyopewa bure. Ukiweka weupe wa barafu, silva na kijivu ndani ya ukungu kila kitu kinakuwa kama nguo iliyofuliwa bila sabuni, na mimi naamini kabisa mtu anayesikia baridi akikaa kwenye ukumbi wa bluu na silva anasikia baridi mara mbili.

Rangi zinazokaa vizuri kule ni zenye moto ndani yake. Damu ya mzee, hii kwangu ni namba moja. Haradali. Rangi ya kutu, ile ya bati lililozeeka. Ugoro. Kijani cha msonobari. Kahawa iliyokolea. Na badala ya nyeupe pe tumia krimu, rangi ya maziwa yaliyochemka, maana krimu inapokea mwanga wa taa inakuwa kama inawaka, wakati nyeupe pe chini ya taa za ukumbini inageuka bluu. Na tena kuna lile vumbi jekundu nililosema, pindo la gauni jeupe likipita uwanja wa kanisa mara moja tu linarudi na mstari wa udongo na picha zote zinauonyesha, krimu inasamehe kidogo.

Chukua tatu zisizidi. Moja iwe kubwa, ichukue zaidi ya nusu ya kila kinachoonekana, ya pili iwe kama theluthi, ya tatu kidogo tu, ya kushtua macho. Sisi tulichukua krimu kubwa, damu ya mzee ya pili, haradali kidogo. Dada mmoja kwenye kamati alitaka tuongeze na kijani, nikamwambia kijani kitaletwa na matawi, usinunue kitu ambacho msitu unakupa.

Afu jaribio moja ambalo nakuomba usiliruke. Nilikata vipande vitatu vya kitambaa, kila kimoja ukubwa wa leso, nikavitandika barazani kwa mama saa 1 asubuhi kwenye ukungu, nikapiga picha. Nikarudi saa 8 mchana juani, nikapiga tena. Jioni nikaenda navyo ukumbini nikamwomba kijana wa taa awashe zote kama siku ya sherehe. Ile damu ya mzee niliyoipenda dukani, nzito, ya kung'aa, chini ya zile taa za bluu na zambarau ikawa nyeusi tii, kabisa, ungedhani tunakwenda msibani. Pembeni yake kulikuwa na kipande kingine cha damu ya mzee iliyoegemea wekundu kidogo, dukani nilikiona kama cha kawaida tu, pale ukumbini kikabaki chekundu cha divai hata kwenye kona. Tukanunua hicho. Na yule kijana tukakubaliana siku ya harusi hawashi bluu wala zambarau, ni taa za njano peke yake mpaka wakati wa kucheza. Zile taa za njano ni za kawaida, omba tu mapema, usisubiri siku yenyewe maana fundi wa taa akishafunga vyombo vyake hapendi kuambiwa kitu.

Kitambaa nunua chote duka moja siku moja, uliza kama kinatoka robota moja. Damu ya mzee ya duka hili sio damu ya mzee ya duka lile, na usimtumie fundi picha ya WhatsApp ukadhani ameiona rangi, kila simu ina rangi zake. Mtumie kipande chenyewe kwenye basi, kifunge kwenye bahasha, kitafika kesho yake.

Sare na mavazi

Hapa ndo rangi inapokutana na joto kwa mara ya kwanza. Kamati za huku kwetu kila mtu anataka sare, sawa, lakini sare ya shifoni mikono wazi Njombe usiku ni kumtesa mtu aliyekuchangia. Tulichagua kitenge kizito chenye haradali na damu ya mzee ndani yake, afu tukawaambia mafundi wote waweke bitana na mikono iwe mirefu au robo tatu. Bitana inaongeza gharama ya fundi kidogo lakini ndo inayozuia upepo. Velveti nayo ni nzuri mno msimu huu, ina joto na inakunywa rangi, Dar huwezi kuivaa mtu akabaki hai ila kule inatafuta siku yake.

Wasimamizi wa bi harusi walikuwa wanne, gauni za satini damu ya mzee, na juu kila mmoja na koti fupi la kitenge. Ndani fulana nyembamba ya mikono mirefu rangi ya mwili na taitsi nzito, hakuna anayeziona. Bi harusi vilevile, shela lake lilikuwa na mikono ya lesi na ndani ya lesi fundi aliweka kitambaa chembamba cha krimu. Ukimwacha bi harusi mabega wazi kwenye mashamba ya chai saa 11 jioni, picha itakuonyesha vipele vya baridi mikononi na midomo imekuwa zambarau, hakuna mpiga picha wa kuvifuta vyote hivyo.

Wale wa meikapu wanaokuja kutoka Dar wape taarifa. Ngozi kule inakauka, midomo inapasuka, kwaiyo siku tatu kabla bi harusi anywe maji na apake mafuta mazito usiku. Na mafuta ya nazi yanaganda kwenye chupa yanakuwa kama siagi, yule dada wetu wa nywele alipoteza nusu saa anaitikisa chupa mpaka bibi akaichukua akaiweka kwenye bakuli la maji moto, dakika mbili ikawa tayari.

Maua na matawi

Maua ya kununua weka machache, waridi kwa ajili ya bi harusi na meza kuu, na habari njema ni kwamba baridi inayatunza, waridi ambalo Dar linalala jioni ileile, Njombe linakaa siku mbili tatu limesimama. Mengine yote tulitoa kwenye miti. Matawi ya msonobari, majani ya mkaratusi yale yenye kijivu kijivu na harufu yake, mabua ya nyasi kavu, na yale matunda makavu ya msonobari yanayodondoka chini, watoto wanakuokotea gunia zima kwa pipi. Mwombe mwenye shamba kwanza, misitu ile ina wenyewe. Tulipanga katikati ya kila meza tawi moja limelala, matunda ya msonobari matano, mshumaa mnene ndani ya glasi, na mahindi mawili makavu yaliyofunguliwa maganda, maana ni msimu wa mavuno na haradali yetu ilikuwa palepale kwenye punje. Wageni waliyapenda mahindi kuliko waridi, na mwisho watu waliondoka nayo.

Mshumaa uwe ndani ya glasi siku zote. Matawi makavu na moto wazi ni hatari, na msonobari una utomvu unaoshika moto haraka.

Ratiba ndo zawadi ya kwanza kwa mgeni

Huku kwetu tumezoea ukumbini saa 2 usiku mpaka saa 6. Kwa msimu wa baridi nakuomba uvunje huo utaratibu, hata kama wazee wa kamati watanuna. Jua linazama kwenye saa 12 na nusu na likizama tu baridi inashuka kama pazia. Sisi ibada ilikuwa saa 4 asubuhi, picha saa 6 mpaka saa 8 wakati jua liko juu na ukungu umeondoka, wageni wakaingia ukumbini saa 9 alasiri, chakula saa 11, keki na zawadi kabla ya saa 1 usiku, muziki, saa 3 na nusu tumemaliza. Wazee walikaa mpaka mwisho. MC tulimpa karatasi yenye muda wa kila kitu na tukapunguza utambulisho, familia inatambulishwa kwa kusimama pamoja, sio shangazi mmoja mmoja kwa dakika 40 huku watu wanagonga meno.

Waambie kabla hawajapanda basi

Mtu wa Dar ukimwambia Njombe kuna baridi anakuambia sawa, afu anakuja na kandambili. Hajui. Sio kosa lake, hajawahi kuipata hiyo baridi. Na nduguzo walioko Ulaya nao ni hivyohivyo, wanakuja likizo mwezi wa 7, kule kwao ni kiangazi, wanafungasha vinguo vyepesi wanasema tunakwenda Afrika. Kwaiyo kwenye kadi na kwenye grupu la WhatsApp andika wazi, tena kwa vitu sio kwa maneno ya jumla: sweta zito moja, soksi jozi mbili, kiatu cha kufunika, koti la usiku, mafuta ya midomo, na kitu cha kuvaa kichwani kwa mtoto. Wakumbushe wiki moja kabla na siku moja kabla. Safari ni kama kilomita 700, ukitoka Dar jua limekupiga, Kitonga bado hujaamini, ukifika Mafinga unaanza kufunga dirisha, ukishuka Makambako kununua mahindi ya kuchoma upepo wake unakufundisha. Sweta lisiwe kwenye buti la basi, liwe kwenye mkoba.

Gesti nenda mwenyewe ukazione. Usipige simu. Uliza vitu vitatu: mablanketi mangapi kwa kitanda, maji ya moto yanatoka wapi, na umeme ukikatika hayo maji yanatoka wapi. Kuna gesti moja tuliichukua vyumba 12 kwa sababu picha zake nzuri, siku tunafika blanketi ni moja moja jembamba na hita imeharibika tangu mwezi uliopita, usiku ule tulizunguka nyumba za ndugu kukusanya mablanketi, na asubuhi vijana wa nyumbani wakawasha kuni uani wakachemsha pipa zima la maji, kila mgeni ndoo yake. Tuliokoa siku lakini nilijisikia vibaya sana kwa wale wamama waliolala wamekunjana. Tangu hapo nasema kila kitanda blanketi mbili, na kuni za maji ya kuoga ziwe kwenye bajeti kama vile unavyoweka soda.

Na hili nalisema kwa msisitizo wote, jiko la mkaa lisiingie chumbani kwa mgeni. Wala ukumbini uliofungwa, wala ndani ya hema lililozibwa pande zote. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, mtu analala haamki. Mgeni wa pwani hajui hilo, akisikia baridi anaweza kumwomba mhudumu jiko, kwaiyo mwambie mhudumu mapema akatae na ampe blanketi la tatu.

Mlangoni

Sasa hapa ndo roho ya jambo. Mlangoni tuliweka meza mbili. Ya kwanza chai. Sufuria kubwa mbili za chai ya maziwa yenye tangawizi ya kutwangwa, iliki na mchaichai, majani ya chai ya hapohapo Njombe, pembeni karanga za kukaanga na vipande vya viazi vitamu. Kila anayeingia anapewa kikombe kabla hajaulizwa kadi ni singo au dabo. Hesabu yake ni rahisi, wageni 200 kila mtu vikombe viwili vya kawaida ni kama lita 80, nusu maziwa nusu maji, majani yasizidi kilo, sukari kilo 5, na tangawizi usiionee huruma. Weka na birika la chai ya rangi bila sukari kwa wenye kisukari, wazee wengi watakushukuru.

Meza ya pili mitandio. Kile kitambaa laini cha manyoya mafupi wanachotengenezea mablanketi ya watoto, kina upana wa kama mita moja na nusu, ukikata vipande vya sentimita 60 kila kipande ni mtandio kamili wa mabegani, na uzuri wake hakifumuki pembeni, hakuna haja ya kupinda wala fundi. Mita 10 zinakupa mitandio 16. Tulikata 120, themanini damu ya mzee na arobaini haradali, tukaikunja tukaipanga kwenye vikapu vya milulu vile vya Iringa, na kikaratasi kidogo kimeandikwa "Kamwene, karibu, jifunike," kamwene ni salamu ya kule Njombe. Tulianza kuwapa wazee, wamama wanaonyonyesha na watoto, waliobaki wakachukua wenyewe.

Mimi nilidhani nimenunua joto tu. Kufika saa 12 jioni nasimama nyuma ya ukumbi naangalia, mabega mekundu na njano, safu kwa safu, na ukuta wa krimu nyuma yao. Yale ndo yalikuwa mapambo. Hakuna kitambaa cha kuning'iniza darini kingeweza kufanya vile, na gharama yake ilikuwa ndogo kuliko mapambo ya dari tuliyokuwa tumepigiwa hesabu mwanzo, ambayo tuliyakata. Kwenye picha unaona wageni wenyewe ndo rangi ya harusi.

Ukumbini

Mlango ndo adui, kila akiingia mtu upepo unaingia naye. Tulitundika pazia zito la velveti mlangoni kwa ndani na tukaweka kijana wa kulishika. Wazee waketi mbali na mlango na mbali na madirisha, sio mbele kwa heshima halafu wanapigwa na upepo wa pembeni, mwulize mzee mwenyewe anataka kukaa wapi. Kama unatumia hema, ziba turubai upande upepo unakotoka na uache upande wa pili wazi kwa ajili ya hewa. Chini tandika mikeka au jamvi, miguu ikipata baridi mwili mzima hauna raha.

Nje, mbali na ukumbi na mbali na magari, tuliwasha moto wa kuni mkubwa na kuuzungushia mabenchi, kijana mmoja kazi yake kuuangalia tu na ndoo mbili za maji pembeni. Wazee wa kiume walihamia pale karibu wote, na wale wajomba wa upande wa bwana harusi kutoka Tanga ambao walikuwa hawajuani na sisi, pale motoni ndo undugu ulianza kweli, wanachoma viazi wanapiga stori.

Chakula kinapoa haraka kuliko unavyodhani. Wali ukifika meza ya mwisho umeshakuwa wa jana, na nyama ya mbuzi mafuta yake yanaganda mdomoni, mtu anatafuna kama nta. Supu itangulie, ya moto hasa, kwenye vikombe watu washike kwa mikono miwili. Bufee zigawe mbili au tatu foleni iwe fupi, na sahani zipashwe moto, ziweke kwenye beseni la maji moto uzifute dakika ya mwisho. Ndafu ikatwe palepale jikoni iletwe ikiwa inatoa mvuke, ile ya kuizungusha ukumbini kwa nyimbo fanya na moja tu ya kuonyesha. Maji ya kunawa yawe ya vuguvugu, hili ni dogo lakini watu watalisema miaka. Na vinywaji, jamani, usikodi mafriji manne, soda ya moto kule ni baridi tayari, friji moja linatosha kwa wabishi.

Msiwasahau wapishi na wahudumu, nao ni watu, wako nje tangu saa 9 usiku. Mitandio 12 ya mwisho niliitenga kwa ajili yao.

Kumbukumbu na safari ya kurudi

Zawadi za wageni zile za vikombe vyenye picha za maharusi zinaishia kabatini. Tulifunga majani ya chai gramu 50 kwenye kipande cha kitenge kilekile cha sare, mabaki ya mafundi, tukakaza kwa uzi wa mkonge. Mtu akifika Dar anachemsha chai ya harusi. Ukiwa na nafasi ongeza parachichi moja bichi lililo gumu, Njombe yamejaa na litaiva njiani.

Mtandio mgeni anaondoka nao, usiudai. Mabasi mengi ya Dar yanaondoka alfajiri, na hiyo ndo saa mbaya kuliko zote, kwaiyo panga gari la kuwatoa gesti mpaka stendi, na mtu mmoja wa familia awepo pale na chupa kubwa za chai na maandazi yaliyofungwa kwenye gazeti. Mimi ndo nilikuwa zamu. Giza bado, ukungu umeziba taa za stendi, nikawa nawatambua wageni wetu kwa mbali kwa mabega tu, wekundu, njano, wekundu, wanapanga foleni kupanda basi, na mama mkubwa wangu wa mwisho kabisa, mtandio wa damu ya mzee kaufunga mpaka kidevuni, ananinyooshea kikombe nimwongezee.